Lubumbashi: Vijana wenye trisomia 21 wanafanya kazi tayari, kinachokosekana ni malipo

Mjini Lubumbashi, watu wakizungumza juu ya kazi kwa vijana wenye trisomia 21, swali la kwanza huwa hili: wataweza kufanya nini? Swali hilo limechelewa. Katika familia zinazomlea kijana wa namna hiyo, si ajabu kumkuta yuko kazini tangu alfajiri. Anachota maji, anafagia lupango, anaosha masufuria, anachambua maharagwe. Anabeba kapu la mama hadi soko la Kenya au la Katuba, kisha anakaa kando ya meza kutwa nzima akipanga nyanya kwa mafungu.

Jioni mama anahesabu makuta. Aliyeleta makala analipwa. Mwenye kusukuma pusipusi analipwa. Yeye anapewa sahani ya bukari na sombe, na majirani wakiuliza, jibu ni moja: «Anasaidia.»

Neno hilo linasemwa kwa upendo, lakini linamnyima mengi. Mwenye kusaidia hana mshahara, hana akiba, hana siku ya kupumzika, wala hana jina la ufundi. Akifikisha miaka 30 bado anaitwa mtoto. Ikiwa mji huu unataka kweli kuwapa watu hao nafasi, uanze kwa kuiita kazi yao kazi na kuilipa.

Si laana wala uchawi

Trisomia 21, ambayo huitwa pia sindromu ya Down, haiambukizi. Mtu kwa kawaida ana kromosomu 46 katika kila chembe ya mwili. Mwenye trisomia 21 ana 47, kwa sababu kromosomu ya 21 imekuja mara tatu badala ya mara mbili. Daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza ugunduzi huo mwaka 1959. Ndiyo sababu siku ya dunia ya watu hao, inayotambuliwa na Umoja wa Mataifa tangu 2012, iko tarehe 21 ya mwezi wa 3.

Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba duniani, katika watoto 1,000 hadi 1,100 wanaozaliwa, mmoja ana hali hiyo. Kwa mji wenye wakaaji zaidi ya milioni mbili, hao si watu wawili watatu. Kama hawaonekani, ni kwa sababu wengine hawakuvuka utoto, na wengine wanafichwa ndani ya lupango.

Sababu ya kuwaficha inajulikana. Mtoto akizaliwa na uso tofauti, akachelewa kutembea na kusema, kuna watu wa ukoo, na hata wahubiri, wanaotafuta mchawi. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi na inaweka adhabu. Lakini mzazi aliyekwisha kusikia maneno hayo mlangoni pake hamtumi tena mtoto dukani. Na mtoto asiyetumwa dukani hajifunzi kuhesabu chenji.

Yapo pia mambo ya afya ambayo hufikiriwa kuwa upumbavu. Wengi wenye trisomia 21 hawasikii au hawaoni vizuri, na ulimi wao ni mzito katika kutamka. Patroni anamwambia jambo kijana aliye nyuma yake, hajibiwi, anasema: «Huyu haelewi.» Pengine hakusikia tu. Walimu waliofanya kazi na watu hao wanajua kwamba wengi wao hushika zaidi kile wanachokiona kuliko wanachoambiwa. Ukimwonyesha kwa mikono, hatua moja baada ya nyingine, na ukarudia kesho na keshokutwa, anashika. Na akishashika utaratibu wa kazi, si rahisi aubadilishe.

Gécamines ilifundisha mji nini

Lubumbashi ni mji uliojengwa juu ya kazi ya mshahara. Kwa miaka mingi, mtu wa kazi alikuwa mtu wa Union Minière, baadaye Gécamines, au wa reli: mwanaume mwenye namba, mshahara wa mwisho wa mwezi, nyumba ya kampuni na hospitali ya kampuni. Wengine wote walikuwa «watu wa nyumbani».

Kipindi hicho kilikatika. Mwaka 2003 ulianza mpango wa «kuondoka kwa hiari», uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa kupewa kitita kimoja cha pesa. Katika nyumba nyingi za Katanga, aliyekuwa akingoja mshahara wa bwana ndiye aliyeanza kulisha nyumba: mama aliyeuza unga, binti aliyekaanga vitumbua, kijana aliyebadilisha dola kando ya barabara. Hakuna aliyewauliza diploma. Familia zilipona kwa sababu kila mmoja alishika kipande chake cha kazi.

Mji ulioishi hivyo hauwezi kusema sasa kwamba kazi ni ya wenye karatasi peke yao. Munkoyo inahitaji mtu wa kusafisha vyombo kwa uangalifu na kujaza chupa. Mahali pa michopo panahitaji mtu wa kukata vitunguu, kupanga viti, kupokea wateja. Mkate unahitaji mikono ya kukanda na kupanga. Kazi hizo zinagawanyika katika hatua ndogo zinazorudiwa kila siku, na ndizo anazoziweza vizuri kijana aliyefundishwa kwa subira.

Mlango unaoanza na karatasi

Taabu iko mlangoni. Tangu mwaka wa masomo wa 2019-2020, shule ya msingi ya serikali haina malipo, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hapati dakika kumi za kukaa na mtoto mmoja. Mtoto mwenye trisomia 21 anaachwa kwenye benchi la nyuma, kisha anarudishwa nyumbani bila sertifika. Baada ya hapo, mafunzo, kazi na mkopo vyote vinaanza kwa kuuliza karatasi ambayo hakupata.

Hata misaada ya ujasiriamali inapita kwenye mlango huohuo. Mradi wa PADMPME, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na ulioweka Lubumbashi kati ya miji yake, uliendesha shindano la mipango ya biashara kwa vijana. Ni jambo jema kwa anayejua kuandika mpango wa biashara. Kijana anayejua kutengeneza sabuni lakini hajui kuiandika hana pa kuingilia, labda aje na mtu wa kuandika pamoja naye.

Katika nchi nyingine njia iligeuzwa. Badala ya kumfundisha mtu miaka mingi ndipo atafutiwe kazi, anawekwa kwanza mahali pa kazi, na msaidizi anakaa pembeni yake. Msaidizi anamwonyesha, anapanga picha za hatua ukutani, anazoeana na wenzake wa kazi, kisha anapunguza siku zake kidogo kidogo hadi kijana anabaki peke yake. Njia hiyo haidai jengo jipya. Inadai mtu mmoja mwenye subira na patroni aliyekubali kujaribu miezi michache. Taasisi ya INPP, iliyoundwa 1964 ili kuwaandaa wafanyakazi na yenye kituo Lubumbashi, ingeweza kuanza na kikundi kidogo cha namna hiyo katika ushonaji, upishi na usafi.

Waliothubutu

Mifano ipo. Nchini Argentina, mwaka 2016, vijana wachache wenye trisomia 21 waliokuwa hawapati kazi waliunda kikundi cha kupika piza katika sherehe za watu. Wakakiita Los Perejiles. Wanaalikwa, wanakuja na vifaa vyao, wanapika, wanahudumia, wanalipwa. Mwaka huohuo, huko New York, John Cronin alikuwa anamaliza shule bila kuona kazi ya kumfaa. Pamoja na baba yake Mark alianzisha duka la kuuza soksi za rangi kwa intaneti, John's Crazy Socks, na leo limeajiri watu wengine wenye ulemavu. Ufaransa, mikahawa ya Café Joyeux ilianzia Rennes mwaka 2017 na kufika hadi Champs-Élysées mjini Paris. Wengi wa wapishi na wahudumu wake wana trisomia 21 au otizimu, na wana mikataba kama wafanyakazi wengine.

Katika mifano yote mitatu kuna mtu nyuma anayeshika hesabu, kodi na karatasi. Hilo si aibu. Mfanyabiashara mkubwa wa Lubumbashi naye ana mhasibu wake.

Mtu atasema: huko ni Ulaya na Amerika. Kweli, huko kuna ruzuku na barabara nzuri. Lakini sherehe zipo Lubumbashi kila Jumamosi: ndoa, ubatizo, matanga, diploma. Kikundi cha vijana watano wenye kupanga viti, kuosha sahani na kupeleka vinywaji, wakiwa na kiongozi mmoja, kinaweza kuanza wiki ijayo katika parokia yoyote.

Sheria ipo, makuta pia yapo

Kongo haikosi maandishi. Ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 27 kinatambua haki yao ya kupata riziki kwa kazi waliyoichagua. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa haki ya kulindwa kulingana na mahitaji yao ya mwili, akili na utu. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ilikuja kulinda na kukuza haki hizo. Jirani Tanzania, sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Lakini asilimia peke yake haitoshi. Mwajiri akiachiwa, atamchukua mwenye ulemavu wa mguu aliye na diploma, na mwenye ulemavu wa akili atabaki nje.

Kwa Haut-Katanga, jambo la kutazama ni madini. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi, na wajumbe wa jamii hizo wamo katika chombo kinachochagua miradi. Huchaguliwa shule, visima, zahanati, na vyote vinahitajika. Lakini karakana moja ya kushona mavazi ya kazi au ya kuoka mikate, yenye nafasi kwa vijana wenye trisomia 21, ingekula kipande kidogo sana cha pesa hizo. Na mteja wake wa kwanza angekuwa kampuni yenyewe. Familia zenye watoto hao zinapaswa kuwa na mtu wao katika vikao hivyo.

Mkono wa nani unashika pesa

Malipo yakianza, hatari nayo inaanza. Kijana asiyejua kuhesabu noti anaweza kunyang'anywa na mteja, na patroni, hata na yaya wake. Msichana anaweza kutumiwa vibaya mahali pa kazi, akashindwa kueleza. Kwa hiyo mtu wa kumtembelea kazini bila kutoa taarifa ni wa lazima, na pesa zake zisichanganywe na za nyumba. Aingizwe katika likelemba kwa jina lake mwenyewe, na zamu yake ikifika, apewe mkononi mbele ya wote.

Jambo jingine ni kitambulisho. Nchini Kongo kadi ya mpiga kura ndiyo hutumika kama kitambulisho cha kila siku. Familia inayompeleka kila mtu kujiandikisha na kumwacha yeye nyumbani, kwa kufikiri kwamba haitamfaa kitu, inamfungia pia laini ya simu na akaunti ya pesa kwa jina lake.

Wapo watakaouliza kwa nini waanze hao, wakati vijana wenye diploma za chuo kikuu wanakaa bila kazi. Lakini kijana anayepanga chupa za munkoyo hakuchukua nafasi ya mhandisi. Na akipata pa kwenda asubuhi, mama aliyefungwa nyumbani kwa kumlinda anapata naye saa za kufanya biashara. Si wote watakaoweza: karibu nusu huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengine wanahitaji kutunzwa maisha yote. Hao nao wana haki yao. Wanaoweza wasizuiliwe kwa sababu yao.

Swali linalowanyima usingizi wazazi wa watoto hao linajulikana: nikifa, nani atamshika? Marekani, mtu mwenye trisomia 21 alikuwa akiishi wastani wa miaka 25 hivi mwaka 1983. Leo ni karibu 60. Tiba ikiendelea kufika Katanga, wengi zaidi watawazika wazazi wao. Atakayekuwa na kazi inayojulikana, wenzake wa kazi, kadi yake na akiba yake hataangukia mikononi mwa ndugu kama mzigo. Atafika akiwa na mchango wake.

Mwanzo hauhitaji kungoja Kinshasa. Jumamosi hii, mwenye meza sokoni akimaliza kuhesabu mauzo, amtolee franka zake kijana aliyepanga nyanya tangu asubuhi, amwambie ni za kazi gani, na wiki ijayo afanye vilevile.