T-38 si F-5 iliyovuliwa silaha

Ndugu mwandishi, makala tamu, ila hapo ulipodai kwamba mtu anaweza kununua modeli ya F-5E, akaipaka nyeupe na kuiita T-38 ya wanaanga wa NASA, nakupinga. Ndege hizi ni ndugu wa baba mmoja, Northrop, lakini sura ni mbili. Sisi wa Nanyuki tumezoea kuona F-5 za jeshi letu zikipita juu, kwa hiyo jicho halidanganyiki: F-5E ina mizinga puani, reli za makombora kwenye ncha za mbawa, na kipande kilichochongoka pale bawa linapoungana na kiwiliwili. T-38 haina hata kimoja. Ukianza kukata na kupiga msasa vyote hivyo, bora ununue modeli ya T-38 yenyewe.

Na wewe msomaji uliyeuliza kwenye maoni hapo juu kwa nini modeli yako ya T-38 inakalia mkia: pua imekosa uzito. Mimi nilitia chubwi za wavuvi kwa gundi mbele ya chumba cha rubani kabla ya kufunga kiwiliwili, ikasimama vizuri kwa magurudumu yake matatu. Nyeupe ipake nyembamba, tabaka kwa tabaka, ikauke kabisa, ndipo ubandike utepe wa kuchorea mstari wa buluu. Kwa kipimo cha 1/48 modeli inatoka na urefu wa kama sentimita 29, kabati dogo linaitosha. Mwandishi, tafadhali rekebisha ile aya, wanaoanza wasije wakapoteza hela zao.