Kabla Mvua ya Novemba Haijaanza

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo mwenye bustani Mbeya au Iringa hana nafasi ya pili: mashimo yachimbwe na samadi ichanganywe na udongo mapema, Oktoba. Ndani ya nyumba kazi ni nyepesi. Vikapu vya milulu wanavyosuka akina mama wa Iringa hupamba ukuta, huficha ndoo ya ua na, ukweli usemwe, vinapendeza kuliko maua ya plastiki yanayokusanya vumbi sebuleni. Ila okidi za Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ziachwe huko huko. Tayari viazi vyake vinachimbwa na kuvushwa Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Anayetaka maua anunue miche kitaluni.