Mbwa wako anajua kusubiri?

Mzazi, hapa Songea wengi tunafuga mbwa wa ulinzi: mchana amefungwa, usiku amefunguliwa, na somo lake pekee ni fimbo. Mbwa anayepigwa hujifunza kuogopa mkono, na mbwa mwenye hofu huuma. Mkono ulio karibu naye mara nyingi ni wa mtoto.

Anza na chakula. Shika bakuli la ugali juu, mwambie "kaa". Akikaa, mwekee chini na umsifie. Akiruka, linyanyue tena bila kumfokea. Dakika 5 kila mlo zinatosha, mradi nyumba nzima itumie neno hilohilo. Watoto nao wafundishwe: mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha haguswi.

Lakini utii hauzuii kichaa cha mbwa. Mwone ofisa mifugo wa kata, achanjwe kila mwaka. Mtoto aking'atwa, hata na mbwa wa nyumbani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri dalili; zikishaanza, kupona ni nadra mno.