Sihami Ingwe, Wacheni Kuniuliza

"Wee bado uko na Ingwe?" Swali hilo nimeulizwa tangu shule ya msingi. AFC Leopards ilichukua ligi 1998, kabla nizaliwe. Kuanzia 1999 hadi 2025, ligi hatukuishika tena. Tulipata GOtv Shield 2017, na siku hiyo nililia kwenye matatu, sidanganyi.

Ninachokataa ni ushauri wa jamaa aliyehama Man U juzi akaenda City, eti nitafute timu inayoshinda. Kwani timu ni bando ya data? Yeye hajawahi kulipia tiketi hata moja. Mimi Ingwe nilipewa na babangu, pamoja na jezi yake iliyopauka. Gor wakitufunga, narudi nyumbani kwa miguu nimenuna. Mechi ijayo niko pale tena, isukuti ikilia.