Vikundi vya Tamthilia na Haki ya Miji Midogo

Kwa miaka mingi nchini Kenya, aliyetaka kuona tamthilia ya Kiswahili ikichezwa na watu wenye kuijua kazi hiyo hakulazimika kufunga safari kwenda Nairobi, kuliko na Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza uliofunguliwa mwaka 1952. Ilimtosha kuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne, hata kama shule yake iko Hola, Mwingi au Kapenguria, kwani asubuhi moja ya muhula wa kwanza au wa pili ingeingia langoni matatu iliyokodiwa, wakashuka vijana sita au saba waliochoka kwa safari, wenye magunia ya maleba, kigoda kimoja cha kumketisha mtawala na spika mbili zilizofungwa kwa kamba, na kabla ya adhuhuri mji wote wa Sagamoyo, ulioandikwa na Pauline Kea katika Kigogo, ungekuwa umesimama mbele ya macho yake katika bwalo la chakula. Vikundi hivi, ambavyo magazeti huvitaja kwa nadra na wenye mamlaka hawavitaji kabisa, nataka kuvitetea leo, maana njia iliyokuwa ikivipa riziki inakaribia kufungwa, wala sioni aliyejishughulisha kuvifungulia nyingine.

Riziki hiyo ilitokana na mtihani. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, karatasi ya tatu ya Kiswahili, yenye alama 80, ni ya fasihi tupu, hata ikawa kila mtahiniwa, awe anataka uhandisi au udaktari, hana budi kuisoma tamthilia iliyoteuliwa kwa wakati wake: Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, kisha Kigogo, na baadaye Bembea ya Maisha ya Arege huyo huyo. Kwa kuwa kila shule ilikihitaji kitabu, kila shule ilikuwa mteja, na kwa sababu hiyo pekee tamthilia ya Kiswahili ilifika mahali ambapo hapajawahi kufika sinema wala maktaba. Mwaka 2025 watahiniwa wa KCSE walikaribia kuwa milioni moja, na sijui sanaa nyingine yoyote katika nchi hii iliyowahi kuwekewa hadhira kubwa kiasi hicho.

Maisha ya njiani ya wachezaji hawa yana taabu nyingi. Niliwahi kufuatana na kikundi kimoja cha Mombasa kilipokuwa kikizunguka Kwale na Taita Taveta, nikaona jinsi siku yao inavyoanza kabla ya alfajiri, ili gari livuke Likoni kabla ya msongamano wa wafanyakazi na lifike Msambweni au Lunga Lunga wanafunzi wakiwa wangali wanakunywa uji. Mwelekezi, ambaye aghalabu ndiye mtunza fedha na ndiye mchezaji wa mhusika mwenye maneno mengi kuliko wote, huketi mbele na daftari la ratiba magotini, akiwapigia simu walimu wa Kiswahili wa shule za kesho na kesho kutwa kwa maneno ya taadhima na ya kubembeleza, maana mwalimu wa Kiswahili ndiye mlango wao: akiridhia yeye, mwalimu mkuu huridhia, na akikataa yeye hapana ukumbi wala ujira. Usiku hulala darasani, madawati yakiwa yamesogezwa ukutani na mikeka kutandikwa, nao wanawake wawili wa kikundi hupewa nafasi kwa matroni, ambako hufua maleba yaliyoloa jasho na kuyaanika dirishani ili yavaliwe tena asubuhi, yakiwa makavu au yakiwa bado na unyevu.

Masurufu ya safari hayatoki kwa mfadhili yeyote. Ada ya shule ya asubuhi ndiyo inunuayo mafuta ya kufikia shule ya alasiri, na ya alasiri ndiyo ilipayo chakula cha usiku, kwa hiyo shule moja ikivunja ahadi mambo yote huharibika. Nilishuhudia hayo katika shule moja ambapo mchezo ulichezwa hadi mwisho, wanafunzi wakashangilia, kisha mhasibu akatoka kusema kuwa fedha zitatumwa juma lijalo. Vijana wale walikaa ndani ya gari nje ya lango, kila mmoja akatoa alichokuwa nacho mfukoni, noti na sarafu zikahesabiwa juu ya ngozi ya ngoma mpaka ikapatikana thamani ya mafuta ya kuwafikisha Voi, na wala sikumsikia hata mmoja akiomba kurudi nyumbani. Watu wa namna hii wakiitwa wababaishaji, kama nilivyowahi kusikia wakiitwa, mimi huona kuwa msemaji hajapata kusafiri nao hata siku moja.

Bwalo la shule halikujengwa kwa ajili ya tamthilia. Madirisha hayana pazia, basi hapana giza la kumsitiri mchezaji anayebadili nguo. Paa ni la mabati, na mvua kubwa ikinyesha hapana sauti ya binadamu itakayosikika, hata wachezaji hulazimika kusimama kama walivyo, mkono wa Majoka, mtawala wa Sagamoyo, ukiwa umeinuliwa, mpaka mvua ipungue ndipo neno lililokatizwa limaliziwe. Harufu ya maharagwe hutoka jikoni, na mpishi mwenyewe husimama mlangoni na mwiko mkononi, akitazama. Mbele ya wachezaji wameketi wanafunzi mamia, kila mmoja na kitabu wazi mapajani, akiyafuata maneno kwa kidole, na wachezaji wanapofikia mwisho wa ukurasa bwalo zima hufunua ukurasa kwa pamoja, mshindo wa karatasi ukisikika kutoka safu ya mbele hadi ya nyuma. Mchezaji akiruka mstari, yupo msichana wa nyuma atakayeutamka kwa sauti, na mchezaji aliye hodari huupokea kutoka kwake kana kwamba ndivyo ulivyoandikwa. Baada ya muda, ikiwa mchezo unachezwa vyema, vitabu huanza kufungwa kimoja kimoja. Sara, mama mgonjwa wa Bembea ya Maisha, anapozungumza na Yona mumewe, nimeona safu nzima za watoto wakiwa wameviweka vitabu sakafuni na kusahau kwamba wamekuja kujitayarishia mtihani.

Uchache wa wachezaji nao huleta elimu yake. Tamthilia kama Kigogo ina wahusika wengi kuliko kikundi kinavyoweza kuwalipa, kwa hiyo mtu mmoja hucheza watatu au wanne, na mwelekezi hana budi kuujua muundo wa mchezo kama fundi aijuavyo jahazi anayoiunda, mbao kwa mbao: Ashua na Husda hupigana ofisini mwa Majoka, kwa hiyo hapana hila itakayomwezesha mwanamke mmoja kuwacheza wote wawili, lakini aliyekuwa Husda katika ugomvi ule aweza kujifunga kanga nyingine akawa Mamapima wa mangweni, na kijana aliyekuwa akichonga vinyago katika karakana mwanzoni mwa mchezo aweza kurudi katika sare ya polisi. Mwanafunzi anayewaona wakigeuka hivyo mbele yake, kwa kofia tu au kwa namna ya kutembea, hujifunza juu ya uhusika jambo ambalo kurasa nyingi za mwongozo hazitamfunza.

Siwezi kuzificha kasoro zao, maana ninaowapenda ndio ninaotaka wafanye vyema zaidi. Vipo vikundi vinavyomfanya mlevi wa mchezo achukue nusu ya saa kwa sababu tu wanafunzi humcheka, na vipo vinavyopachika misemo ya mitaani katika kinywa cha mzee wa kijiji ili kutafuta shangwe. Vipo pia vinavyousimamisha mchezo kila baada ya onyesho kutaja maudhui na mbinu za uandishi, hata tamthilia ikawa imekatwakatwa vipande vya majibu ya mtihani. Hayo ni makosa, nayo yanatokana na jambo moja: mwenye kulipa ni mtihani, na mwenye kulipa ndiye mwenye kuamrisha. Kikundi kilichopata hadhira ya namna moja tu kwa miaka yote hiyo hakina budi kuifuata tabia ya hadhira hiyo, na lau kingekuwa na hadhira nyingine, ya watu wazima waliokuja jioni kwa hiari yao, kingelazimika kujipima kwa kipimo kingine.

Hadhira hiyo si ndoto, kwani katika Afrika Mashariki imewahi kutafutwa na ikapatikana. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianzisha kikundi cha kusafiri, wakazunguka Uganda na Kenya wakicheza bure, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, na mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikaanzisha chake, ambacho kazi yake haiwezi kutajwa bila ya kumtaja mtunzi wa tamthilia John Ruganda. Huko Kamiriithu, karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walijijengea jukwaa lao mwaka 1977, wakacheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na halaiki ya watu ikawa inamiminika huko mpaka serikali ilipoufuta mchezo, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Mtu wa kijijini hajawahi kuikataa tamthilia iliyomfuata alipo. Waliocheza wakati ule walikuwa na chuo nyuma yao, au kijiji kizima, ilhali hawa wa leo wana daftari la ratiba na simu ya mwelekezi.

Sasa mambo yamegeuka. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 katika sekondari pevu mwezi Januari 2026, na KCSE ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027. Kiswahili kimebaki somo la lazima, na hilo ni jema, lakini Fasihi ya Kiswahili imekuwa somo la kuchaguliwa, na Wizara ya Elimu imesema wazi kuwa inakusudia asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Siulaumu mtaala kwa hayo, tena umeleta somo la sinema na uigizaji ambalo hapo awali halikuwapo. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi thelathini wa fasihi hawezi kukilipa kikundi alichokuwa akikilipa alipokuwa na mia tatu, na shule ya pembeni isiyokuwa na mkondo wa sanaa haitakuwa na sababu ya kukiita. Wachezaji watakaokosa kazi wataingia katika biashara nyingine, na ujuzi wa kulibeba jukwaa zima ndani ya matatu moja, uliopatikana kwa taabu na bila ya mwalimu, utatoweka katika muda wa misimu michache.

Ninachopendekeza hakihitaji majumba mapya. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia serikali za kaunti shughuli na vifaa vya utamaduni, na Kifungu cha 11 kimeiwajibisha dola kukuza utamaduni kwa njia ya fasihi na sanaa. Kaunti zetu 47 zina kumbi za jamii, kama ule wa Tononoka hapa Mombasa, na aghalabu kumbi hizo hukodishwa kwa harusi na mikutano, kisha zikakaa tupu siku nyingi za juma. Kikundi kinapocheza shuleni Voi asubuhi, tayari kimekwisha fika Voi: mafuta yamelipwa, maleba yamo garini, maneno yamo vichwani. Kaunti ikikipa ukumbi bila ya kodi jioni ile ile, na malipo ya haki kwa onyesho moja, mwenye duka, mwanamke wa sokoni, mwendeshaji bodaboda na mzee aliyeacha shule kabla ya kidato cha tatu wataona kwa kiingilio kidogo kile ambacho watoto wao wamekiona, nacho kikundi kitapata pato la pili pasina kuongeza hata maili moja ya safari.

Nitaambiwa kuwa fedha hazitoshi, na kwamba hospitali hazina dawa. Najua, nami ningekuwa wa kwanza kukataa kumnyima mgonjwa dawa kwa ajili ya mchezo. Lakini kaunti hizo hizo hukodi wasanii, hema na vipaza sauti kwa sherehe za siku moja, na sehemu ndogo tu ya gharama hiyo ingetosha kuvialika vikundi kadhaa katika makao ya kila kaunti ndogo kwa mwaka mzima. Vilevile leseni na vibali vinavyodaiwa kabla ya watu kucheza hadharani vitolewe kwa siku zinazojulikana na kwa ada inayojulikana, kwani kikundi kilicho njiani hakiwezi kusubiri afisini kwa juma zima.

Kwa sheria ya fedha za umma, makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Waelekezi wa vikundi, wakifuatana na walimu wa Kiswahili waliowafungulia milango kwa miaka yote hii, na waende katika vikao hivyo wakiwa na orodha ya kumbi zilizo tupu, gharama ya onyesho moja na majina ya shule walizozitembelea, wakadai jioni moja katika kila mji wanaopita.