Mirihi iko wazi, Westlands imefungwa

Ukimwonyesha mtu Google Earth kwa mara ya kwanza, atatafuta paa la nyumba yake. Hapa Westlands wengi huanzia Sarit Centre, wanafuata Waiyaki Way, halafu wanarukia ushago. Ni raha, sikatai. Lakini tangu 2009 programu hiyo ya kompyuta ina pia sayari ya Mirihi. Bofya kitufe chenye alama ya sayari, uichague, uzunguke. Huko kuna kreta inayoitwa Kipini, jina la mji wetu mdogo ulio kwenye mlango wa Mto Tana.

Sasa niseme linaloniudhi mimi kama mwandishi wa programu.

Chombo cha NASA kiitwacho Mars Reconnaissance Orbiter kilifika Mirihi mwaka 2006. Kamera yake ya CTX imepiga picha karibu sayari nzima, kila pikseli ikiwa takriban mita 6. Kamera nyingine, HiRISE, huona hadi sentimita 30 hivi kwa pikseli, ingawa imefika sehemu chache tu. Picha hizo zote ni za bure. Nazipakua, nazifungua kwa JMARS au QGIS, nazikata, naziunga. Nikitaka kuuza programu niliyoijenga juu yake, siombi ruhusa ya mtu.

Rudi Westlands. Ile picha safi ya mtaa huu unayoiona kwenye Google Earth ina wenyewe, kampuni za setilaiti. Kuitazama ni ruksa. Ukitaka kuichukua na kuijengea programu yako, toa pesa. Picha zilizo wazi kabisa ninazozitegemea ni za Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya iliyoanza kurushwa 2015. Pikseli moja ni mita 10. Kwa kipimo hicho nyumba ya Kangemi ni nukta, na kichochoro chake hakipo.

Yaani jangwa lisilo na mtu nimepewa kwa uwazi zaidi kuliko mtaa wa jirani.

Hili si suala la anasa. Hadi 2009 Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandao, mpaka vijana wa Map Kibera walipoijaza kwenye OpenStreetMap wakitembea kwa miguu na vifaa vya GPS. Bila ramani, utapangaje maji, vyoo, au njia ya gari la zimamoto?

Wengine watasema ni usalama. Nawajibu: mwenye pesa tayari anainunua picha hiyo. Anayefungiwa nje ni mwanafunzi na msanidi mdogo kama mimi.

NASA hutoa picha zake kwa sababu mlipa kodi wa Marekani alishazilipia. Sisi nasi tulirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023. Macho yake si makali kama ya HiRISE, lakini desturi hujengwa na setilaiti za mwanzo. Maoni yangu ni haya: kila picha ya Kenya iliyopigwa kwa pesa ya umma, iwe ya setilaiti au ya ndege, iwekwe mtandaoni ipakuliwe na yeyote, bila barua, bila ada.

Programu za kuzifungua tunazo tayari, na ni za bure. Kilichobaki ni picha zenyewe.