Mimea katika chakula cha sato: Nafuu ipo, ila vizimba ndivyo vitakavyoamua

Na Mwandishi Wetu

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua jijini Mwanza, Januari 2024, ugawaji wa vizimba na boti kwa mkopo nafuu, ufugaji wa sato ndani ya Ziwa Victoria si tena shughuli ya wawekezaji wachache wenye mitaji mikubwa. Vikundi vya vijana na wanawake sasa vina samaki majini, na vina marejesho ya kulipa. Ndiyo maana suala la kinachomdhoofisha samaki kizimbani haliwezi kuachiwa wataalamu wa maabara peke yao.

Adui mmoja asiyeonekana kirahisi ni msongo. Sato anaponaswa ili apimwe, anapotenganishwa kwa ukubwa, anaposafirishwa akiwa kifaranga au anapokosa oksijeni, mwili wake humwaga homoni za adrenalini na kotisoli katika damu. Sukari ya damu hupanda, naye hupata nguvu za kuikimbia hatari. Akiwa huru ziwani angekimbia. Kizimbani hana pa kwenda. Hali hiyo ikidumu, hamu ya kula hupungua, ukuaji hudorora na kinga hulegea, hata bakteria wa streptokokasi waliokuwa wakiishi naye bila madhara makubwa wakapata nafasi ya kumshambulia. Vifo vinaweza kuja siku kadhaa baada ya usumbufu wenyewe, wakati mfugaji ameshausahau na anatafuta chanzo kwingine.

Hapo kishawishi cha kukimbilia antibiotiki huwa kikubwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya dawa hizo kama kikuzaji katika chakula cha mifugo tangu Januari 2006, na Tanzania inapambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Dawa inayomwagwa kizimbani haibaki kizimbani. Maji ni ya ziwa, na ziwa ni la wote.

Katika kutafuta njia nyingine, watafiti wamegeukia mimea: kitunguu saumu, tangawizi, manjano, habasoda, mlonge na shubiri. Misri, inayoongoza Afrika kwa ufugaji wa sato, ni miongoni mwa nchi zilizofanya majaribio mengi. Utaratibu wake hufanana. Samaki hulishwa kwa wiki kadhaa chakula kilichochanganywa na kiasi kidogo cha unga wa mmea au viini vilivyokamuliwa kutoka kwake, kisha husongamanishwa au hupunguziwa oksijeni, na damu yao hupimwa. Katika majaribio mengi, kotisoli na sukari za samaki hao zimepanda kwa kiwango kidogo kuliko za wenzao, na uwezo wa miili yao kuzima kemikali haribifu zinazozalishwa wakati wa msongo umekuwa mkubwa zaidi.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yasomwe kwa makini. Sehemu kubwa imepatikana katika matangi, ambako joto na hewa vinadhibitiwa. Hata kipimo chenyewe kina mtego, kwani kumkamata samaki ili kumtoa damu ni msongo tosha, na mpimaji akichelewa dakika chache anaweza kuwa anapima usumbufu wake mwenyewe. Kiasi nacho ni muhimu. Majani ya mlonge, kwa mfano, yana tanini na saponini, ambazo zikizidi hupunguza usagaji wa chakula, hivyo anayeongeza vijiko kwa kudhani kingi ndicho bora hujitafutia hasara. Aidha, alisini, kiini kinachokipa kitunguu saumu harufu yake kali, huharibiwa na joto. Mchanganyiko uliopita katika mashine ya moto ya kutengeneza punje huenda ukabaki na jina la kitunguu tu kwenye mfuko.

Tena kuna ziwa lenyewe. Upepo unapovuruga matabaka ya maji, yale ya chini yenye oksijeni hafifu hupanda juu na kuvifikia vizimba. Hakuna mmea unaozalisha oksijeni ndani ya tumbo la samaki. Kizimba kilichowekwa kwenye kina kifupi, penye mkondo dhaifu, na kujazwa samaki kupita kiasi hakiokolewi na tangawizi. Kwa maoni ya safu hii, viini vya mimea vina nafasi yake kabla ya usumbufu unaojulikana tarehe, kama vile kupandikiza vifaranga au kuwatenganisha kwa ukubwa, kwa kuwa wiki za kuwaandaa samaki zipo.

Chakula pekee humeza zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji, hivyo kila nyongeza lazima ijilipe. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ina kituo Mwanza, na vizimba vya vikundi viko jirani. Jaribio linalohitajika linaeleweka: vizimba pacha, vifaranga wa kundi moja, chakula kinachotofautiana kwa mmea tu, msimu mzima wa mvua na upepo, na hesabu ya waliokufa, uzito wa waliovunwa na shilingi zilizotumika. Hadi hesabu hiyo iwekwe mezani, mfugaji anayeuziwa chakula cha “kuondoa msongo” ana haki ya kumuuliza muuzaji ni mmea gani, kwa kiasi gani katika kila kilo, na ulijaribiwa katika maji gani.